Mpango wa biashara ni dira ya mwenye biashara, si barua ya kuombea mkopo

KILA mara serikali inapotangaza hazina mpya ya kuwafadhili vijana au wanawake, kuna biashara moja ambayo hunawiri kabla ya nyingine zote. Ni biashara ya kuwaandikia watu mipango ya biashara. Katika vibanda vya saiba mijini na kwenye vituo vidogo vya kibiashara mashambani, mwombaji hulipa ada kidogo, akatolewa kielelezo kilichohifadhiwa ndani ya kompyuta, jina la mwombaji wa awali likafutwa na lake likatiwa. Mradi wa kufuga kuku ulioandikiwa Bungoma hugeuka ukawa wa Makueni bila kifaranga hata mmoja kuongezwa wala kupunguzwa.

Karatasi hizo hupigwa chapa, zikatiwa jalada la plastiki na kuwasilishwa katika afisi husika. Aghalabu, huo ndio mwisho wa safari yake. Pesa zikitolewa, aliyezipokea huanza kazi kwa kubahatisha, kwani takwimu zilizo ndani ya faili si zake. Pesa zisipotolewa, faili hutupwa na wazo lenyewe likazikwa nalo. Katika hali zote mbili, hakuna anayerudi kuisoma kazi hiyo.

Hasara inayotokana na mazoea haya si ndogo. Utafiti wa Shirika la Kitaifa la Takwimu (KNBS) kuhusu biashara ndogo na za wastani, uliotolewa mwaka wa 2016, ulionyesha kwamba takriban biashara milioni 2.2 za aina hiyo zilikuwa zimefungwa nchini katika muda wa miaka mitano. Sababu iliyotajwa zaidi na waliofunga ilikuwa kuishiwa na fedha za kuendeshea kazi za kila siku. Nyuma ya kila mlango uliofungwa mna akiba ya familia, mchango wa chama au kipande cha shamba kilichouzwa.

Bila shaka si biashara zote zilizofungwa kwa kukosa mpango. Zipo zilizoangushwa na maradhi, ushuru, kubomolewa kwa vibanda au wizi. Hata hivyo, kuishiwa na fedha za uendeshaji ni tatizo ambalo mara nyingi huonekana mapema kwenye karatasi iwapo mwenyewe atakaa chini akapiga hesabu zake. Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Kosa linalofanyika sasa ni kwamba daftari lipo, ila limeandikiwa mkopeshaji badala ya mwenye mali.

MASWALI SITA

Mpango wa biashara, ukivuliwa mapambo yake, ni majibu ya maswali machache. Ni kitu gani kitakachouzwa? Nani atakayekinunua, na kwa sasa anakinunua wapi? Kitatengenezwa au kitapatikana vipi, na kwa gharama gani? Nani atakayeifanya kazi? Ni kiasi gani cha fedha kinachohitajika kabla ya senti ya kwanza kuingia? Na mambo yakienda mrama, mwenye biashara atafanya nini?

Vitabu vya somo hili huyapanga majibu hayo katika sura: muhtasari, maelezo ya biashara, soko na washindani, uzalishaji, usimamizi na fedha. Wanafunzi wa vyuo vya kiufundi nchini wanaufahamu vyema mpangilio huo, kwani kwa miaka mingi kuandika mpango wa biashara kumekuwa sehemu ya mitihani inayosimamiwa na Baraza la Mitihani (KNEC). Katika mitihani hiyo, fundi wa umeme au mshonaji hakuhitimu stashahada yake bila kuuandika.

Utaratibu huo ulikusudiwa kumfanya mhitimu ajiajiri badala ya kuzurura na vyeti. Lakini pia umewazoesha vijana wengi kuuona mpango kama kazi ya kutafutia alama. Mwanafunzi anayetaka kufaulu huandika yale anayodhani yatamfurahisha mtahini. Akitoka chuoni akaenda kuomba mkopo, huandika yale anayodhani yatamfurahisha afisa wa mikopo. Soko, ambalo halina haja ya kufurahishwa na yeyote, husahaulika.

Sura muhimu kupita zote ni ile ya fedha, nayo ina hesabu tatu zinazopaswa kutofautishwa. Ya kwanza ni ya faida na hasara: mapato yakitolewa gharama, hubaki nini? Ya pili ni ile ya kiwango ambacho mapato hulingana na gharama, yaani bei au idadi ambayo mwenye biashara akiishuka huanza kula mtaji wake. Ya tatu ni ya mtiririko wa fedha: pesa zitaingia siku gani na kutoka siku gani? Wengi huandika ya kwanza, wachache huandika ya pili, na ya tatu, ambayo ndiyo huua biashara nyingi, hunakiliwa tu kutoka kwa kielelezo.

HESABU YA KUKU 300

Mfano wa ufugaji wa kuku wa nyama, mradi unaopendwa sana na makundi ya vijana, unaweza kufafanua jambo hili. Tuseme kijana anataka kuanza na vifaranga 300 kwa bei ya Sh100 kila mmoja. Hapo ni Sh30,000. Kila kuku atakula takriban kilo nne za chakula hadi kufikia umri wa kuuzwa wa wiki sita, hivyo zitahitajika kilo 1,200, ambazo ni magunia 24 ya kilo 50. Iwapo gunia ni Sh3,400, chakula pekee kitagharimu Sh81,600. Chanjo, dawa, makaa ya kuwapa vifaranga joto na maranda ya kutandika viwe Sh12,000. Kodi ya banda na malipo ya msaidizi yawe Sh10,000. Kuchinja na kusafirisha kuwe Sh6,000. Jumla ya gharama ni Sh139,600.

Katika vielelezo vya saiba, kuku wote 300 hufika sokoni. Katika banda la kweli, baadhi hufa. Wakifa 18, watabaki 282. Wakiuzwa kwa Sh550 kila mmoja, zitapatikana Sh155,100, na faida itakuwa Sh15,500.

Hesabu ya pili huonyesha jinsi faida hiyo ilivyo nyembamba. Gharama ya Sh139,600 ikigawanywa kwa kuku 282, kila kuku huwa amemgharimu mfugaji takriban Sh495. Bei ikishuka hadi Sh480 kwa sababu kuku wameingia sokoni kwa wingi, atapata hasara ya Sh4,240. Bei ya kuku ikibaki pale pale lakini gunia la chakula likipanda kwa Sh400, faida itanywea hadi Sh5,900. Kijana aliyeziona takwimu hizi kabla ya kununua vifaranga atauliza bei ya chakula katika maduka matatu, na atatafuta mnunuzi wa kuaminika kabla ya kujenga banda.

Hesabu ya tatu ndiyo inayotisha. Tuseme amepewa mkopo wa Sh100,000, ambao atarudisha jumla ya Sh114,000 kwa mwaka mmoja, yaani Sh9,500 kila mwezi. Malipo ya kwanza yatadaiwa mwishoni mwa mwezi wa kwanza, wakati kuku wangali bandani wakila. Kabla ya kupokea pesa za mauzo, atakuwa amehitaji Sh139,600 za gharama na Sh9,500 za benki, jumla Sh149,100. Mkopo ni Sh100,000. Zile Sh49,100 nyingine zitatoka wapi? Ikiwa jibu halimo ndani ya mpango, kuku watalala njaa wiki ya tano.

Hata akizipata, awamu moja ya ufugaji huchukua takriban miezi miwili pamoja na muda wa kusafisha banda. Katika miezi hiyo atalipa benki Sh19,000 ilhali faida yake ni Sh15,500. Kila awamu itamwacha na upungufu wa Sh3,500, na hapo hajajilipa mshahara, hajalipa karo ya mtoto, wala hajamkopesha jirani kuku wa sikukuu. Iwapo mnunuzi wake ni hoteli inayolipa baada ya siku 30, hali huwa mbaya zaidi: faida ipo katika vitabu, na mfukoni hamna kitu.

Je, hesabu hii inamwambia aachane na kuku? La. Inamwambia aanze na kuku 150 kwa akiba yake, au aombe mkopo ambao malipo yake yanafuata siku za mauzo, au agawanye kuku katika makundi mawili ili pesa ziingie kila mwezi. Mazungumzo ya aina hiyo kati yake na mkopeshaji ndiyo faida halisi ya mpango. Aliyenunua kielelezo hawezi kuyafanya, kwa kuwa hajui takwimu alizowasilisha zilitoka wapi.

WAKOPESHAJI WANATAZAMA NINI?

Lawama haiwezi kutwikwa waombaji peke yao. Wameisoma tabia ya wakopeshaji, na wamejifunza kwamba mpango hauamui mengi. Kwa miaka mingi benki za humu nchini zilitazama kwanza hatimiliki ya ardhi na hati ya mshahara. Asiye na dhamana alirudishwa nyumbani hata kama mpango wake ungekuwa umeandikwa na profesa.

Taasisi zilizofaulu kuwafikia watu wa chini zilifanya hivyo kwa kutumia njia nyingine. K-Rep, iliyogeuka kuwa benki mwaka wa 1999, ilijijengea jina kwa kuwakopesha watu waliojiunga katika makundi na kudhaminiana. Equity, iliyoanza kama shirika la kukopesha pesa za nyumba mwaka wa 1984 na kupata leseni ya benki mwaka wa 2004, nayo ilijikuza kwa kuwafungulia akaunti na kuwakopesha watu ambao benki kubwa hazikuwataka. Katika mifumo ya namna hiyo, uaminifu wa mtu, akiba yake na ushahidi wa wenzake ulikuwa na uzito kuliko faili.

Baadaye simu ya mkononi ilileta mageuzi mengine. Tangu M-Shwari ianzishwe mwaka wa 2012, Mkenya anaweza kukopa bila kuonana na afisa yeyote. Rekodi zake za simu ndizo zinazomsemea. Hazina ya Hustler, iliyozinduliwa na Rais William Ruto mnamo Novemba 30, 2022, ilifuata mkondo huo huo. Mkopo wake wa kibinafsi ulianzia Sh500 hadi Sh50,000, kwa riba ya asilimia nane kwa mwaka na muda wa siku 14 wa kulipa, bila mpango wa biashara wala dhamana. Mabilioni ya shilingi yalikopwa kwa muda mfupi, na mabilioni mengine hayakurudishwa kwa wakati.

Ni rahisi kuona kwa nini mikopo hiyo ilipokelewa kwa shangwe. Humwokoa mama mboga anayehitaji Sh1,000 alfajiri ili anunue sukuma na kuzirudisha jioni. Kwake yeye, mpango mzima uko kichwani, na siku moja ni mwaka wa biashara. Lakini mkopo wa siku 14 haulei kuku wa wiki sita, wala haukuzi mahindi. Anayeutumia kwa kazi ya miezi huwa ameshindwa kabla hajaanza, na hakuna aliyemwuliza swali lolote ambalo lingemzindua.

Kwa upande mwingine wa mizani ziko hazina zilizodai karatasi. Hazina ya Maendeleo ya Biashara za Vijana, iliyoundwa mwaka wa 2006 na kutengewa Sh1 bilioni katika bajeti ya mwaka huo wa kifedha, iliyataka makundi yawasilishe mapendekezo ya miradi. Hazina ya wanawake ilifuata mwaka wa 2007. Ndipo soko la vielelezo lilipopata nguvu. Kenya hivyo basi imeyumba kati ya ncha mbili: ama mwombaji hulazimishwa kuandika kitabu kisichosomwa, ama hakuna swali lolote analoulizwa.

USHAHIDI KUTOKA NIGERIA

Yapo mashindano ambamo mipango husomwa kweli na kupewa alama. Hapa nchini, chini ya mradi wa kuwapa vijana ajira na fursa (KYEOP) uliofadhiliwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia ulioidhinishwa mwaka wa 2016, kulifanyika shindano la MbeleNaBiz, ambapo washindi walipewa ruzuku ya Sh900,000 au Sh3.6 milioni. Swali linalozuka ni hili: je, majaji wanaweza kusoma mpango wakajua ni nani atakayefaulu?

Nigeria ililijibu swali hilo kwa kiasi kikubwa. Mnamo 2011, serikali ya nchi hiyo ilianzisha shindano la YouWiN!, lililowavutia karibu waombaji 24,000. Washindi 1,200 walipewa ruzuku ya wastani wa karibu dola 50,000 kila mmoja. Mwanauchumi David McKenzie wa Benki ya Dunia aliwafuatilia washindi na walioshindwa. Alipata kwamba baada ya miaka mitatu, washindi walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na biashara inayoendelea, na ya kuajiri watu kumi au zaidi. Fedha hizo, kwa hivyo, hazikupotea bure.

Lakini uchunguzi mwingine alioufanya pamoja na Dario Sansone ulitoa matokeo ya kushangaza. Alama walizotoa majaji kwa mipango hiyo hazikulingana na mafanikio yaliyofuata. Aliyepewa alama za juu hakuwa na uhakika wa kuuza zaidi, kuajiri zaidi au kudumu zaidi kuliko mshindi mwenzake aliyepewa alama za chini. Hata mbinu za kompyuta za kuchambua takwimu hazikufua dafu katika kubashiri nani angevuma.

Wapo watakaosema kwamba matokeo hayo yanathibitisha mpango wa biashara hauna maana. Huko ni kupotoka. Kinachothibitishwa ni kwamba mpango si chombo cha ramli. Msomaji aliye mbali hawezi kuitabiri kesho ya duka kwa kuangalia ufasaha wa maandishi. Kuandika vizuri ni kipawa kimoja, na kuamka saa kumi usiku kwenda sokoni ni kipawa kingine. Anayewachuja waombaji kwa ufasaha wa karatasi huishia kuwazawadia waandishi.

Kwa mwenye biashara mwenyewe mambo ni tofauti. Utafiti uliofanywa humu nchini miongoni mwa zaidi ya wanawake 3,500 wenye biashara katika masoko ya mashambani ya Embu, Kakamega, Kisii na Kitui unatoa mwanga. Baadhi yao walipewa mafunzo ya siku tano ya Shirika la Kazi Duniani (ILO) kuhusu kuendesha biashara. Miaka mitatu baadaye, waliofunzwa walikuwa na mauzo ya juu kwa asilimia 18 na faida ya juu kwa asilimia 15 wakilinganishwa na wenzao. Wanawake hao hawakuwa wakishindania alama za jaji yeyote. Walijifunza mambo ya kutumia wao wenyewe, kibandani mwao.

MPANGO SI MSAHAFU

Jambo la pili linalosahaulika ni kwamba mpango huzeeka. Aliyeandika wake Januari 2020 aliukuta hauna maana kufikia Aprili mwaka huo, baada ya janga la Covid-19 kufunga mikahawa na kuleta kafyu. Aliyeagiza vipuri kutoka ng'ambo mwanzoni mwa 2024 alipanga kwa dola moja iliyokuwa ikinunuliwa kwa takriban Sh160. Miezi michache baadaye shilingi ilikuwa imejizoazoa hadi karibu Sh130. Aliyekuwa amejaza stoo kwa bei ya juu alijikuta akishindana na waliobahatika kuagiza baadaye. Vivyo hivyo, Sheria ya Fedha ya 2023 ilipoongeza ushuru wa VAT kwa mafuta ya petroli kutoka asilimia nane hadi 16, mhudumu wa bodaboda na msafirishaji wa mboga walilazimika kuanza hesabu zao upya.

Mambo hayo hayakuwa mikononi mwa mfanyabiashara. Kilichokuwa mikononi mwake ni kujua mapema ni gharama ipi ikipanda itamuumiza, na kwa kiasi gani. Mpango ulioandikwa kwa uangalifu hutaja wazi mambo ambayo mwenyewe ameyakisia: bei ya gunia, kodi ya kibanda, idadi ya wateja kwa siku. Mwisho wa kila mwezi hulinganisha makisio hayo na yaliyotokea. Tofauti ikiwa ndogo, anaendelea. Ikiwa kubwa, anabadilisha bei, anapunguza bidhaa au anafunga mapema kabla ya hasara kumla. Kufunga biashara kwa wakati nako ni uamuzi unaohitaji takwimu.

Kwa mtazamo huo, daftari la muuza duka linaloandikwa mauzo na madeni kila jioni ni nusu ya mpango. Nusu nyingine ni kutazama mbele. Vyama vya akina mama, ambavyo hukutana kila wiki na kujadili nani apewe pesa na za kazi gani, vimekuwa vikifanya kazi hii bila kuiita kwa jina lake. Mwanachama anayeomba Sh20,000 huulizwa atauza nini na wapi, na wanaomwuliza wanalijua soko hilo kama viganja vya mikono yao. Hawawezi kudanganywa kwa kielelezo cha saiba.

KINACHOHITAJI KUBADILIKA

Suala hili limepata uzito zaidi kwa sababu fedha za umma zinaendelea kumiminwa. Mradi wa NYOTA, ambao pia unafadhiliwa na Benki ya Dunia, ulianza kutoa ruzuku za kuanzishia biashara mwaka wa 2025, ambapo kila kijana aliyeteuliwa alitengewa Sh50,000 kwa awamu, sambamba na mafunzo. Ruzuku hairudishwi, lakini kijana aliyeipoteza hupoteza pia fursa ambayo huenda isije tena, na mlipa ushuru huachwa na deni la Benki ya Dunia.

Hatua ya kwanza ni kufupisha. Kwa biashara ya Sh50,000, kurasa mbili zenye takwimu alizokusanya mwombaji mwenyewe zina thamani kuliko kurasa 40 za kunakili. Majina ya maduka matatu alikouliza bei na ya wateja watano aliozungumza nao yanaweza kuthibitishwa kwa simu moja. Hakuna kielelezo kitakachomsaidia hapo.

Ya pili ni lugha. Katiba ya 2010 iliifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Hata hivyo, mipango mingi huandikwa kwa Kiingereza cha afisi, lugha ambayo mwombaji haitumii anapojadiliana bei na mteja. Mtu anapolazimika kuajiri mwandishi wa kumwandikia mawazo yake, hesabu nazo huwa za mwandishi. Fomu za hazina za umma zikiwa kwa Kiswahili sanifu na chepesi, idadi ya wanaojiandikia wenyewe bila shaka itaongezeka.

Ya tatu ni kuonana ana kwa ana. Afisa akimwuliza mwombaji maswali kwa robo saa tu, atajua iwapo hesabu ni zake. Mfugaji halisi hujua vifaranga wangapi hufa na kwa nini. Aliyenunua karatasi atatazama dari.

Ya nne, na ngumu kuliko zote, ni kurudi. Awamu ya pili ya fedha yoyote ya umma inafaa itanguliwe na kikao ambapo mpango wa awali unafunguliwa na kulinganishwa na daftari la mauzo. Lengo lisiwe kumwadhibu aliyekosea makisio, kwani kila mtu hukosea, bali kuona kama amejua alipokosea na kurekebisha. Wakopeshaji nao wana wajibu wao. Sheria ya 2017 kuhusu dhamana ya mali inayohamishika iliruhusu pikipiki, mashine, mifugo na hata madeni anayodai mfanyabiashara kutumika kama dhamana. Benki zinazotaka mpango kutoka kwa mfugaji zinafaa pia kuusoma, na kupanga tarehe za malipo kulingana na mtiririko wa fedha ulioandikwa humo badala ya kumtoza kila mwisho wa mwezi kana kwamba ni mwajiriwa wa serikali.

Hayo yasipofanyika, hazina zitaendelea kuundwa kwa majina mapya, na vibanda vya saiba vitaendelea kubadilisha majina katika faili zile zile. Gharama ataibeba yule kijana wa kuku 300 ambaye, wiki ya tano ya mradi wake, atasimama mlangoni mwa banda akiwa na magunia matupu na ujumbe wa benki kwenye simu. Hesabu iliyopaswa kumwonya ilikuwepo tangu mwanzo, ndani ya faili lenye jina lake, na hakuwahi kuipiga mwenyewe.